Meno ya Hidaya

Kila alfajiri baada ya sala mmoja wetu huufagia ua, na ilikuwa mwisho wa Mei 2022 tulipoanza kuviona vile vitonge. Vilikuwa vitonge vya majani yaliyotafunwa nusu, vimelowa mate, vimetapakaa chini ya ukuta anakolala mbuzi wetu. Siku ya kwanza tuliwashuku watoto wa jirani. Siku ya tatu tukavikuta tena, na siku ya nne tukamwona Hidaya mwenyewe: alikuwa akicheua, akasita, akakiinamisha kichwa upande mmoja, akakiacha kitonge kidondoke mdomoni, kisha akasimama akikitazama.

Wasomaji wasiotujua na tuwaeleze kidogo. Sisi ni wanawake wanne wa nyumba moja: bibi, mkaza mwanawe, na mabinti wawili. Tuliondoka Mombasa mwaka 2019 kumfuata Mwalimu, mwenye nyumba yetu, alipopata kazi ya kusomesha Oldonyiro, magharibi ya kaunti ya Isiolo, nchi ya Wasamburu na Waturkana. Tulikwenda na kinu chetu, mbuzi ya kukunia nazi, na mikeka sita. Nazi zilikuwa adimu huko, na ile mbuzi ya kukunia ikageuka kigoda cha kukalia. Mbuzi mwenye roho tulipewa. Binti yetu mdogo alipotimiza arobaini, mama mmoja wa Kisamburu, jirani yetu wa ua wa pili, alituletea mbuzi jike mweupe mwenye baka jekundu shingoni, akamfunga mlangoni petu na kusema kuwa nyumba yenye mtoto haikai bila maziwa. Sisi humwita Yeyo, yaani mama, kama wanavyomwita wanawe. Mbuzi tukamwita Hidaya, kwa kuwa ndivyo alivyotufikia.

Maziwa yake hayakuwa mengi, vikombe viwili asubuhi na kimoja jioni, lakini yalitosha chai, na mtoto alipopita mwaka yakaingia katika uji wake. Kisha mvua zikakatika. Za mwisho wa 2020 zilikuwa haba, na msimu uliofuata ukashindwa, na uliofuata, hata ikafika misimu mitano mfululizo kufikia mwisho wa 2022. Ng'ombe wa majirani walihamishwa mbali, wengine hawakurudi. Mbuzi walibaki wakiguguna magome na vishina vya nyasi vilivyochanganyika na mchanga. Mchanga ule ni kama msasa. Sisi tulioyaangalia matumbo ya wanyama wetu kila siku hatukufikiri kuyaangalia meno yao.

Hofu yetu ya kwanza ilikuwa sotoka ya mbuzi na kondoo, kwa kuwa nayo huja na vidonda vya mdomoni na mate, na ikiingia katika boma hufagia. Tukamtenga Hidaya, tukamwomba Mwalimu amtafute mtaalamu. Kwa bahati njema daktari mmoja wa mifugo alikuwa amefika kuchanja, naye akapita kwetu adhuhuri. Alimpima joto, akasikiliza mapafu, akasema sotoka haipo. Ndipo akaushika ulimi wake, akauvuta kando polepole, akamulika kwa tochi. Binti yetu mkubwa alitaka kusaidia kwa kidole, akakemewa upesi. Magego ya mbuzi hukata kama wembe, na taya lake likifunga halijui cha nyasi na cha kidole.

Hapo ndipo tulipofundishwa mdomo wa mnyama tuliyemkamua miaka miwili. Mbuzi hana meno ya mbele ya juu, ana ufizi mgumu tu. Ya mbele ya chini ni manane, na ya utotoni hubadilika jozi kwa jozi, takriban jozi moja kila mwaka, hata akifika miaka minne hivi mdomo huwa umekamilika. Wachuuzi wa sokoni huisoma miaka yake humo. Hidaya alibakiwa na matatu, marefu, yanayochezacheza. Lakini hilo, alisema daktari, lisingemwangusha peke yake, kwa kuwa mbuzi ana midomo hodari ya kuchuma. Shida ilikuwa nyuma. Gego moja la chini upande wa kulia lilikuwa limeng'oka zamani, na lile la juu lililokuwa likikutana nalo, kwa kukosa mwenzake wa kusagana naye, lilikuwa limeteremka kama msumari na kuuchoma ufizi. Shavuni mlijaa majani yaliyooza. Harufu yake hatutaieleza katika jarida linalosomwa mezani.

Alilipunguza jino lile kwa tupa ndogo huku wanaume wawili wakimshika, akalisafisha shavu, akatuagiza mambo ya chakula. Alipomaliza alituuliza kwa upole kama hatukuona heri kumchinja. Tukasema tutatazama.

Kwa nini tulisema hivyo? Chakula kilikuwa ghali. Mwezi ule pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilikuwa imepita shilingi 200, na kulikuwa na nyumba karibu yetu zilizokula mara moja kwa siku. Mwalimu aliliweka jambo waziwazi usiku ule baada ya isha. Aliye na mnyama, alisema, sharia imempa njia tatu: amlishe, amuuze, au amchinje ikiwa ni wa kuliwa. Kumwacha afe njaa si njia. Tuchague.

Tukaanza na kuuza. Soko la mifugo la Oldonyiro ni kubwa, malori hutoka pale kwenda hadi Nairobi, na dalali mmoja alitupa shauri bila kuombwa: mpeni chumvi usiku, anywe maji asubuhi, tumbo lijae, na mdomo msiufungue mpaka mfunguliwe. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akamwambia kila mnunuzi aliyekaribia: huyu hana meno, na gego lake limetengenezwa juzi. Alirudi naye jua likizama. Bei aliyopewa ilikuwa ya ngozi.

Idi ya kuchinja ilikuwa Julai, na mmoja wetu akauliza kama angefaa kwa udhuhia. Hakufaa. Ukondefu ulio dhahiri ni miongoni mwa kasoro zinazomzuia mnyama, na wake ulikuwa dhahiri kwa kipofu.

Yeyo ndiye tuliyemwogopa zaidi, kwa kuwa zawadi ni yake. Tulimwendea na sukari, tukazunguka maneno. Alicheka. Akasema mbuzi si mtu, mchinjeni kabla hajabaki mifupa, na mimi mniletee mguu. Ruhusa hiyo ilipaswa kutuondolea mzigo, nayo ikauzidisha. Sasa hapakuwa na wa kumsingizia. Tulimbakiza Hidaya kwa sababu tulimpenda, na kwa sababu mtoto alikuwa amejifunza kutembea kwa kuushika mgongo wake.

Basi tukalisha. Maganda ya mgunga, ambayo Wasamburu huyaita sagaram, huanguka wakati wa kiangazi na ni chakula chenye nguvu, lakini mbegu zake ni ngumu na nyingi humpitia mbuzi nzima hata akiwa na meno. Tuliyatwanga kinuni, maganda na mbegu pamoja, tukayaloweka usiku kucha. Asubuhi tuliyachanganya na wishwa wa mahindi kutoka kinu cha kusagia, konzi moja tu mwanzoni. Hilo daktari alilirudia mara tatu: nafaka nyingi kwa ghafla hulichachusha tumbo la kwanza na kumuua mbuzi aliyeponea njaa. Nyasi kavu tulizikata kwa mundu vipande vya urefu wa pingili ya kidole, kwa kuwa uji mtupu haumtoshi anayecheua. Bila ya nyuzi tumbo lake husimama. Alikula mara nne, kidogo kidogo, mbali na wenzake, kwani mbuzi wazima walimnyang'anya mara moja. Kilichobaki tulikimwaga. Kwa joto la kule chakula kilicholowa huchacha kabla ya alasiri.

Alipokataa kula, bibi alitaka kumnywesha kwa chupa kama walivyofanya wazee wake. Tulimzuia kwa heshima, maana tulikuwa tumeonywa: kichwa kikiinuliwa juu, uji huingia mapafuni. Bibi alinuna siku mbili. Siku ya tatu alikuja na dawa yake mwenyewe, akamwekea uji vuguvugu wenye chembe ya chumvi chini ya pua na kukaa kitako kando yake, bila kumgusa, akivuta uradi wake. Hidaya akala. Tangu siku ile zamu ya alfajiri ikawa ya bibi.

Msaada mwingine ulitoka mbali. Binti wa shangazi yetu ameolewa Uingereza, na watoto wake hufuga simbilisi, kale kanyama kadogo kama panya asiye na mkia. Tulipomweleza kwa simu alicheka, kisha akanyamaza, kwani naye alikuwa na simbilisi mwenye meno mabovu. Meno ya simbilisi, alitueleza, hayaachi kukua maisha yake yote. Asipopata majani makavu ya kuyasaga, magego hurefuka hata yakaufunika ulimi kama daraja, naye hufa njaa mbele ya chakula. Wa kwake hupelekwa kwa daktari kila baada ya wiki kadhaa kupunguzwa, na nyumbani hulishwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Sisi tukamweleza la mbuzi: yeye jino lake lina kipimo. Husukumwa juu kidogo kidogo kadiri linavyolika, na likiisha ndiyo mwisho. Tulikubaliana kwamba hatukujua yupi ana mtihani mkubwa zaidi.

Alitupa mafunzo mawili. La kwanza, tusiliamini jicho, tupime. Yeye humweka simbilisi wake katika mizani ya jikoni kila asubuhi. Sisi hatukuwa na mizani ya mbuzi, tukatumia futi ya cherehani, tukamzungushia kifuani nyuma ya miguu ya mbele kila Ijumaa, na binti mkubwa akaandika katika daftari la hesabu. La pili alilisema kwa kupita: daktari wake hupiga eksirei ya kichwa, kwa sababu linaloonekana mdomoni ni kipande tu cha jino, na maradhi hupenda kukaa chini. Eksirei ya mbuzi hatukujua tuitafute wapi. Tuliliacha neno hilo lipite.

Juni na Julai futi iliongezeka, kidole kimoja, kisha viwili. Manyoya yakalala. Siku moja akamfukuza kuku. Tulifurahi kupita kiasi, na tunakiri kuwa tulimsimulia kila mgeni. Lakini furaha ile ilikuwa na mwiba wake. Jioni moja mtoto wa nyumba ya tatu alisimama penye lango akitutazama tukimchotea Hidaya wishwa, naye hakuomba kitu. Tulimwita akala nasi, na tangu hapo kila tulipotwanga tulipeleka na kibaba cha unga nyumba ile. Hesabu ya mwezi ilipofungwa Mwalimu aliiangalia, akafuta miwani, hakusema neno.

Katikati ya Agosti futi ikasimama. Kisha ikarudi. Shavu la kulia tulilisafisha kila jioni na lilikuwa safi. Alikula, lakini polepole, akipumzika. Alianza kusimama peke yake akisaga meno pasipo kitu mdomoni, sauti kavu tuliyoisikia hadi ndani. Yeyo alipita, akampapasa uti wa mgongo, akatutazama sisi badala ya kumtazama mbuzi. Tulisema, wiki moja zaidi. Tulisema hivyo mara tatu.

Alichinjwa siku ya Jumatano katika Septemba, akiwa bado anasimama kwa miguu yake. Bibi alimpa uji wake wa alfajiri. Mwalimu alikinoa kisu nyumbani kwa jirani ili asikione, wengine wakapelekwa malishoni, akaelekezwa kibla. Mtoto tulimpeleka kwa Yeyo tangu usiku.

Nyama ilikuwa kidogo. Mguu ulikwenda kwa Yeyo kama alivyotaka, na nyumba ya tatu ilipata fungu. Kichwa kilibaki kwetu kwa supu, na bibi alipolitenganisha taya alituita. Upande wa kulia, ule tuliokuwa tukiusafisha, mfupa ulikuwa mzuri. Upande wa kushoto kulikuwa na gego ambalo kwa juu lilionekana zima. Lilikuwa limepasuka katikati, na chini yake ndani ya taya palikuwa na shimo la kuingia ncha ya kidole, limejaa majani yaliyokauka kuwa kama ubao na kipande cha mwiba wa mgunga. Mfupa ulikuwa umevimba kulizunguka. Jambo la namna ile halikutokea wiki ile. Lilikuwapo alipomfukuza yule kuku, na lilikuwapo kila Ijumaa tulipomzungushia futi.

Hatukuinywa supu. Binti mkubwa aliandika kipimo cha mwisho, akalifunga daftari na kulirudisha katika mkoba wa shule. Mvua ilinyesha Machi iliyofuata. Kinu tumekiosha kwa majivu na kwa limau, tumekianika juani siku nyingi, na hata leo tukitwanga iliki ndani yake hutoka kwanza harufu ya sagaram.