Majirani wa Lita Mia

Nilizaliwa Shimoni, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania, katika ukoo wa wavuvi. Baba alivua changu na tasi kwa madema. Mimi riziki yangu niliipata kwa samaki wasioliwa: vitatange, vipepeo, kangaja wachanga, na wale wa rangi ya chungwa ambao dunia nzima ilianza kuwaita Nemo baada ya filamu ya mwaka 2003. Baba, Mungu amrehemu, aliiona kazi hiyo mchezo wa watoto, hadi siku ya malipo ilipofika.

Tulizamia wakati wa kaskazi, maji yakiwa maangavu. Kusi ilipochacha tulikaa nchi kavu tukishona nyavu. Ndani ya hifadhi ya Kisite hatukugusa kitu, kwani sheria hairuhusu. Tulifanya kazi kwenye miamba ya nje yake. Wavu mwembamba ulizungushwa kwenye jabali, mmoja akawaswaga samaki polepole, mwenzake akawadaka kwa wavu wa mkono. Kazi hiyo haitaki nguvu. Inataka ujue samaki huyu akishtuka anakimbilia wapi. Kitatange mdogo hujichomeka kwenye upenyo ulio karibu naye. Kangaja hukata moja kwa moja kuelekea maji mengi. Gobi wa mchangani haendi mbali: anazama kwenye shimo alilochimbiwa na kamba anayeishi naye.

Hao wawili niliwapenda kuliko wote. Kamba haoni vizuri. Mchana kutwa anasukuma mchanga nje ya shimo, na kila anapotoka huegesha kipapasio kimoja juu ya mwili wa gobi anayelinda mlangoni. Gobi akitikisa mkia, kamba anarudi ndani. Hatari ikisogea zaidi, wote wawili wanatoweka. Nilikuwa nikilala kifudifudi, mtungi wa hewa mgongoni, nikiwatazama mpaka mwenzangu anigonge bega.

Tulilipwa kwa kichwa. Samaki hai asiye na jeraha alikuwa na bei, mwenye pezi lililochanika alirudishwa baharini. Nilipochoka na kuzamia nilihamia Mombasa, kwenye ghala la kusafirisha samaki nje ya nchi. Huko tuliwafungisha bila chakula kwa siku moja au mbili ili wasichafue maji ya safari, tukawatia kila mmoja mfuko wake, maji theluthi, oksijeni theluthi mbili, kisha wakapangwa kwenye masanduku ya povu jeupe la plastiki yasiyopitisha joto. Suala la nani anaelewana na nani halikutuhusu, kwa sababu kila samaki alikaa peke yake na kusafiri peke yake. Suala hilo tulimuuzia mnunuzi pamoja na samaki.

Nililikuta Nairobi. Duka moja la samaki wa mapambo liliniajiri kwa kuwa nilijua majina na vyakula vyao. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini kila samaki aliyetoka mlangoni alinipa kamisheni. Basi mteja akija na tangi la lita mia, wauzaji tulimjazia. Kipenzi cha duka kilikuwa kisamaki cheusi chenye madoa matatu meupe, bei rahisi, kigumu kufa. Akiwa mchanga hujificha kwenye anemoni. Akikua anapita urefu wa kiganja, na hakuna mgeni atakayemruhusu apumue. Wateja walirudi wakilalamika, wakauziwa wengine wa kujaza pengo.

Hapo ndipo miaka ya Shimoni iliponisaidia. Baharini ugomvi ni jambo la kila saa. Niliuona mara nyingi: samaki anamkimbiza mwenzake, yule anasogea jabali la pili, mambo yamekwisha. Vita vingi vya mwambani huisha kwa mmoja kuondoka. Kwenye kioo hakuna pa kuondokea, kwa hiyo vita vile vile vidogo havina mwisho. Chukua wale wadogo wa rangi ya kijani-buluu wanaoelea kwa mamia juu ya matumbawe ya matawi. Kila mzamiaji atakuapia kwamba ni wapole. Watie sita kwenye tangi dogo, nao watapunguzana mmoja mmoja hadi abaki mbabe wao. Kundi kubwa ndilo lililokuwa likigawanya kero yao.

Niliacha duka na kuanza kazi yangu mwenyewe ya kutengeneza na kutunza matangi, na jambo la kwanza nililobadili ni malipo. Mteja ananilipa ada ya mwezi kwa matunzo. Samaki akifa katika miezi ya mwanzo, namrudishia kwa gharama yangu. Tangu hapo kila kichwa ninachoongeza ni dhamana juu yangu, na ushauri wangu umenyooka.

Mteja mmoja wa mwanzo alikuwa daktari wa meno. Alitaka tangi kwenye chumba cha kungojea, watoto wasahau sindano.

"Fundi, niwekee Nemo, na yule wa buluu mwenye mkia wa manjano."

"Nemo sawa, daktari. Yule wa buluu ni kangaja. Akikomaa anafika sentimita 30, na ni mwogeleaji wa mchana kutwa."

"Niweke wawili, basi, wasione upweke."

"Watapigana."

Akacheka. "Kumbe fahali wawili hawakai zizi moja."

"Zizi hili, daktari, halimtoshi hata mmoja."

Tulikubaliana hivi. Nemo wawili wa jamii inayopatikana kwetu, wa rangi ya chungwa iliyofifia na mstari mweupe mgongoni, mmoja mkubwa kuliko mwenzake. Hawa huanza maisha wote wakiwa madume. Mkubwa hugeuka jike na kutawala, hivyo tofauti ya umbo hupunguza ubishi. Watatu ni balaa, wa tatu huonewa. Anemoni nilikataa. Inataka taa kali na tangi lililokomaa, tena hutembea: ikiingia kwenye pampu usiku, asubuhi maji yote yameharibika. Nemo wanaishi vizuri bila hiyo. Chini, kwenye mchanga, nikaweka gobi na kamba wake mchimbaji. Mwisho, kitatange mmoja mdogo mwenye kichwa na mgongo wa rangi ya chungwa, ambaye hapiti sentimita 8. Samaki wanne, basi. Nemo wanakaa maji ya juu na ya kati, gobi anakaa sakafuni, kitatange anapita mapangoni akidonoa mwani. Hakuna anayetaka mlango wa mwenzake.

Wasio na uti wa mgongo ndio wanaodanganya macho ya wateja, kwa kuwa huonekana mapambo tu. Kile kiti cha pweza chenye vinundu vyekundu, ambacho watalii hukipiga picha kwenye nyasi za bahari, ni mlaji wa kila kitu kisichoweza kukimbia: sponji, kome, hata viti vya pweza wenzake. Hapiti mlangoni mwangu. Kamba mwenye mistari myekundu na myeupe na makucha marefu nakubali mmoja tu, kwani wawili wa jinsia moja huuana. Kamba msafishaji, mwenye mstari mweupe kwenye mgongo mwekundu, ni mpole, hata wawili wanaelewana, na samaki humpanulia vifuniko vya mashavu awatoe vijidudu. Wafagizi wangu ni konokono na wale kaa wanaohama kutoka kombe hadi kombe. Kaa nawawekea makombe matupu ya akiba, la sivyo watamuua konokono wamnyang'anye nyumba.

Hao kamba ndio walionipigisha simu nyingi za asubuhi. "Fundi, kamba amekufa, yuko chini ametulia." Nikifika nakuta gamba tupu, jeupe, lenye kila mguu na kila kipapasio, na mwenyewe kajibanza nyuma ya jiwe, mwili laini, akingoja gamba jipya ligande. Siku mbili hizo ndizo za hatari kwake. Ndiyo maana tangi lenye kamba haliwekwi kikande wala chewa mchanga, hata awe mdogo wa kidole. Na samaki akiugua, hatutii dawa humo. Dawa nyingi za madoa meupe zina shaba, nayo shaba huua kamba na konokono. Mgonjwa hutolewa, akatibiwa kwenye tangi la pembeni.

Mambo mengine niliyajua baada ya kupanda bara. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na maji yake hushika oksijeni pungufu kuliko ya Mombasa kwenye joto lile lile. Hesabu ya samaki inayofaa Nyali haifai Westlands. Julai lazima hita iwake. Stima ikipotea, pampu ndogo ya betri ndiyo inayookoa. Na maji yakipungua kwa kukauka, chumvi haiondoki nayo, hivyo tunaongeza maji matamu, tukilinda kiwango cha gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Samaki anaweza kuvumilia kiwango kikiyumba kidogo. Kamba hawezi.

Utaratibu wa kuwaingiza nao ni nusu ya uteuzi. Tangi hukaa wiki nne hadi sita bila samaki, bakteria waote, amonia na nitriti zishuke hadi sifuri. Kisha wafagizi, kisha waoga, na mwenye ubabe mwisho kabisa. Kitatange angetangulia, tangi zima lingekuwa milki yake. Siku ya mgeni kuingia nazima taa na kuhamisha mawe kadhaa, ili wenyeji nao waanze kutafuta mahali pa kulala.

Sasa ninao vijana wanaonisaidia. Kabla sijamruhusu yeyote kumchagulia mteja samaki, lazima anijibu: anakula nini, analala wapi, atakuwa mkubwa kiasi gani, na anakimbilia wapi akishtuka. Mmoja wao, mwenye hesabu kali, aliniuliza vipi biashara itakua iwapo kila siku tunawakataza watu kununua. Nilimwambia samaki huuzwa mara moja, lakini maji hubadilishwa kila wiki mbili.