Mgeni wa Kopo

Jumamosi, 9 Novemba 2024. Ngamiani, Tanga

Mpwa wangu kaja adhuhuri kutoka Pongwe, mkononi kopo la siagi lenye kifuniko kilichotobolewa kwa msumari. "Shikamoo mjomba. Nimekuletea kitu, ila usifungue kwa pupa." Ndani mna buibui ambaye akitandaza miguu anaenea kiganja changu. Walikuwa wanalima shamba la mihogo, jembe likafumua shimo lake. Wenzake walitaka kumponda, yeye akamfunika na kopo.

Nimemhamishia kwenye ndoo ya plastiki inayoonyesha ndani, na udongo wa kule kule alikotoka. Nilipomgusa kwa chelewa ya ufagio alisimama mara moja, miguu ya mbele juu, chonge mbili nyeusi wazi, na nyuma yake manyoya ya rangi ya kutu. Akapiga udongo kwa miguu, mara mbili. Nimekaa naye hadi Magharibi. Nataka kumfuga.

Jumapili, 10 Novemba

Nimemtazama kwa kioo cha kukuzia. Mgongoni ana mistari inayotoka katikati kama miali ya jua. Alama hiyo wanayo buibui wa jenasi ya Pterinochilus, na anayejulikana zaidi kati yao ni Pterinochilus murinus, aliyeelezwa na mtaalamu Pocock mwaka 1897. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamtafuta sana yule wa rangi ya chungwa, na wanamwita Usambara. Jina la milima tunayoiona kutoka Muheza limezunguka dunia kwa buibui, nami nimezeeka hapa bila kulisikia.

Lakini huyu wangu ni wa kijivu cha vumbi. Hilo halimtoi kwenye murinus, maana wapo wa kijivu, wa manjano na wa chungwa. Halimthibitishi pia, kwa sababu ana ndugu wanaofanana naye. Wataalamu huwatenganisha kwa viungo vya uzazi vya jike, na huvitazama kwa hadubini kwenye ngozi aliyoiambua. Mpaka huyu aambue ngozi, ni mgeni asiye na jina.

Na jina si mapambo. Buibui wa msitu wa Amani, kule Usambara, amezoea ukungu na majani yaliyooza, wa Pongwe amezoea udongo unaopasuka kiangazi. Ukikosea, unamuua polepole huku ukidhani unamtunza. Nimemtupia mende, hakumgusa.

Jumatatu, 11 Novemba

Mama kamwona. Hakushtuka. Tangu utoto wetu ametusimulia buibui aliyetanda mlangoni mwa pango la Thaur, maadui wakapita bila kumwona Mtume, na ndiyo maana nyumbani kwetu buibui hauawi. Nilidhani atakuwa upande wangu. Akasema, "Usimuue. Wala usimlaze nyumba moja na wajukuu zangu."

Nikamweleza kwamba hawa wa Afrika hawana zile nywele za kuwasha ambazo jamaa zao wa Amerika huzirusha. Kumbe nilikuwa najifunga mwenyewe. Asiye na nywele za kurusha hutegemea mbio na sumu. Anayeng'atwa na murinus huumwa vikali, huvimba, na misuli hukaza, pengine kwa siku kadhaa. Mtu mzima hupona. Binti yangu mdogo ana miaka mitatu na hufungua kila kifuniko anachokiona.

Jumatano, 13 Novemba

Mpwa wangu amepiga simu. Kuna mtu amemwambia wazungu wananunua, eti tumchimbue na mwingine. Nimekataa na nimemweleza sababu.

Vijiji vya Usambara Mashariki vilianza kufuga vipepeo mwaka 2003, kwa mradi wa Amani, na kuuza vifukofuko vyao nje kwa maonyesho. Mkulima wa vipepeo anahitaji mimea ya kuwalisha viwavi, mbegu zake zinatoka msituni, basi msitu ukisimama naye anasimama. Hata hivyo, Serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016, vipepeo nao walizuiwa, na watu wale waliumia. Mimi niliwahurumia, na bado nawahurumia. Lakini buibui aliyechimbuliwa hana hata utetezi wao. Hakuna mti unaolindwa kwa ajili yake. Shimo linabaki wazi, basi. Na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inataka kibali kabla ya kufuga mnyama wa porini. Mimi sina.

Usiku nimemtazama tena. Dume aliyekomaa huwa na vifundo kwenye ncha za vipapasio, huyu hana. Naamini ni jike. Dume akikomaa hubakiwa na miezi tu, jike hupitisha miaka kumi, na anaweza kukaa shimo lile lile miaka nenda rudi. Huenda huyu alikuwa pale tangu mpwa wangu yuko shule ya msingi, akipita juu yake kila siku na ndoo ya maji.

Mende bado yuko hai.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimeamua kumrudisha. Nimemtia tena koponi na kumpakata kwenye daladala hadi Pongwe. Shimo la zamani halipo, pameshapandwa mihogo. Tukatafuta mahali jembe halifiki, tukapata mkwaju mpakani, udongo mgumu, kivuli cha mchana. Nikachimba kwa mti uliochongwa, kwa mshazari, kina cha mkono mpaka kiwiko. Nikaulaza mdomo wa kopo pale.

Hakukimbia kama nilivyohofia. Alitoa miguu miwili, akapapasa ukingo wa shimo taratibu, upande huu na upande ule, kama anayepima kitambaa. Kisha akazama. Mpwa wangu alikuwa amepiga magoti kando yangu, haongei.

Jumapili, 17 Novemba

Mpwa wangu amepiga simu asubuhi. Mdomo wa shimo umetandwa utando mpya mweupe, na nje yake kuna bawa la panzi. Mwenye shamba ameombwa asilime hatua kumi kuzunguka mkwaju, naye amekubali.