Paka wa mwembe wa Koko, huko Uvira

Likizo ya Pasaka ya mwaka wa 2023 tuliipitisha Uvira, sisi walimu watatu wa masomo ya msingi hapa Bukavu, kwa koko wa mwenzetu mmoja. Tulikwenda kupumzika. Tulirudi na foto zaidi ya mia mbili katika telefone moja, na karibu zote ni za paka waliolala mtini. Mkitaka kutucheka, mcheke. Lakini foto hizo zilifanya kazi ambayo sisi wenyewe hatukuitafuta.

Njia ya Uvira wengi wenu mnaijua. Ukiisha kupita Nyangezi unashuka Ngomo, abiria wote wakinyamaza na wengine wakishika rozari, kisha Kamanyola, kisha uwanda wa Rusizi. Sweta zetu za Bukavu tulizivua kabla ya kufika Luvungi. Sange, Kiliba, halafu ziwa: upande wa kushoto Tanganyika, na Bujumbura ng'ambo ya maji, upande wa kuume milima ya Mitumba, imesimama karibu sana na mji hata nyumba zinaonekana kama zimebanwa katikati.

Parseli ya Koko haiko mbali na mto Mulongwe. Uani kuna mwembe. Sisi watatu tulishikana mikono kuuzunguka shina lake, na mikono ikapunguka. Koko hajui miaka yake kamili wala ya mwembe, lakini anasema alipoletwa pale kama bibi-arusi ulikwisha kuzaa, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa mbele ya uhuru. Pigeni hesabu wenyewe. Usiku ule wa Aprili 2020, Mulongwe ulipoacha njia yake ukachukua watu na nyumba, maji yalipita pande zote mbili za shina hilo. Jiko la Koko lilikwenda, choo kilikwenda, kuku walikwenda. Mwembe ulibaki, na watoto wa majirani waliopandishwa juu yake gizani walishuka asubuhi wakiwa wazima.

Jumatatu ya Pasaka, saa saba za mchana, tulitandika mkeka chini ya mti huo. Mmoja wetu akalala chali, akaona mkia. Tukatazama vizuri: paka mmoja, wa pili, wa tatu. Tulihesabu kumi na mmoja. Kila mmoja alikuwa na tawi lake. Wengi walilaza tumbo juu ya tawi, miguu ikining'inia huku na huku kama ya mtoto aliyebebwa mgongoni. Mwekundu mmoja alijikunja kwenye panda ya mti kama kitambaa cha kichwani kilichosahauliwa. Walichagua upande unaotazama maji, kwa sababu mchana upepo unatoka ziwani kwenda mlimani, na kivuli cha mwembe ni kizito. Paka hana haja ya kununua ventilateri.

Kumpiga foto paka aliye mtini si rahisi kama mnavyofikiri. Foto zetu za kwanza zilitoa doa jeusi juu ya mbingu nyeupe, kwa kuwa telefone ilipima mwanga wa mbingu ikamsahau mnyama. Ukigusa uso wa paka kwa kidole juu ya kioo cha telefone, inaanza kupima pale pale, na mara unaona hata sharubu zake. Tena usisimame chini kabisa, utapata tumbo na nyayo nne basi. Jirani wa upande wa mlima alituruhusu kusimama kwenye ngazi zake, na pale tukawa sawa na matawi. Enda polepole, usimkazie macho, kaa chini kwanza kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Baada ya robo saa anakuona kama jiwe tu. Foto tunayoipenda sana ni ya kikongwe mwenye sikio moja, alipokuwa akishuka. Makucha ya paka yamepindwa kwa kupanda, hayashiki vema kichwa kikitangulia. Kwa hiyo alishuka kinyumenyume, akipapasa kwa mguu wa nyuma kama mzee anayeshuka katika lori.

Watoto tuliwakataza kupanda kuwafuata na kuwashika. Paka wa nje anaweza kuwa na kichaa, si mbwa peke yake. Mtoto akiumwa au akikwaruzwa, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, halafu mwende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Tulimwuliza Koko mbona paka wote wa kartie wako kwake. Akacheka. «Wajukuu wangu, hamjui mwezi?» Ninyi mnaouza samaki mnajua. Ndagala wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa: mitumbwi inawasha taa, ndagala wanaufuata mwanga, wavu unawainua. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haina nguvu, na wavuvi wanapumzika siku nyingi. Na Pasaka daima inafuata mwezi mpevu. Juma hilo pwani ni kavu, wamama hawaaniki kitu, hakuna vichwa wala mabaki mchangani, na paka wa pwani wanapanda mjini kutafuta. Koko anauza ndagala wakavu, na vumbi linalobaki chini ya mfuko analichanganya na kiporo cha bugali, analiweka chini ya mwembe. «Paka akilala njaa kwangu ataondoka, na panya watanimalizia mihogo.» Ni hesabu tu. (Tuseme hapa kwa wasiojua: sambaza wetu wa ziwa Kivu wametoka huko huko. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa ukoloni. Basi tunakula jamaa za ndagala kila juma.)

Mpaka hapo ilikuwa furaha tupu. Jumanne jioni mwenzetu alirudi kutoka kisimani na uso mwingine. Kulikuwa na foto nyingine iliyokuwa ikitembea kutoka telefone hadi telefone. Kijana mmoja wa avenyu alikuwa ameupiga mwembe usiku kwa flashi. Matawi hayaonekani. Yanaonekana macho tu, mawili mawili, yanawaka kijani gizani. Na chini yake yameandikwa maneno ambayo hatutayarudia hapa. Mnajua maneno anayosemewa mama mzee, mjane, anayeishi peke yake na paka. Wengine walikwisha sema mwembe ukatwe, ndio kiwanja cha ndege zao. Wengine walisema mti hauna kosa, mwenye mti ndiye aondoke. Tulijulishwa pia, lakini pembeni, kwamba kuna mtu aliyekuwa ameulizia bei ya kuni za mwembe huo kabla ya mwezi kuwa mkubwa. Hilo hatuwezi kulihakikisha.

Koko alijua yote. Alikuwa amejua tangu Ijumaa Kuu, na alikuwa anatupikia sombe na kutuuliza habari za Bukavu.

Tulifikiri kwenda kugombana. Bahati nzuri hatukwenda. Tulikwenda kwa chefu wa nyumba kumi, tukamsalimu, tukakaa, tukaeleza sisi ni nani. Giza lilikuwa limeingia, na watu walikuwa wamesimama wakisikiliza, pamoja na kijana mwenyewe. Tukaomba ruhusa ya jambo moja dogo: tumpige foto mbuzi wa chefu, aliyefungwa nyuma ya nyumba. Chefu akashangaa, akakubali. Flashi. Tukampa telefone aangalie. Macho ya mbuzi wake yalikuwa yanawaka kijani, sawa na yale ya mwembeni.

Kimya kidogo. Halafu mama mmoja akasema, «Basi chefu, na wewe?» Watu wakaangua kicheko, na chefu mwenyewe akacheka mwishoni, ingawa si sana.

Tukaeleza kama tunavyoeleza darasani. Nyuma ya jicho la paka kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo, ili mwanga mdogo wa usiku umtoshe. Mbuzi anao, ng'ombe anao, mbwa anao. Sisi watu hatuna, ndiyo sababu tunajikwaa. Kijana akauliza swali, na lilikuwa swali zuri: macho tumeelewa, lakini mbona wote kwa mzee mmoja, na mbona wakati wa mwezi mkubwa? Tukamwambia ndagala. Hakusadiki. Tukamwambia basi tuhesabu pamoja: kila siku saa saba sisi tutapiga foto za mwembe wote, naye aje kuhesabu kwa macho yake, mpaka wavuvi warudi majini. Chefu akaamuru mti usiguswe kabla ya hapo.

Daftari tunalo hapa. Jumatano, paka kumi na mmoja. Alhamisi mvua ilinyesha, tisa. Usiku wa Alhamisi mwezi ulichelewa kutoka, na kwa mara ya kwanza tuliona taa ziwani, nyingi, kama mji mwingine uliozaliwa juu ya maji. Ijumaa wamama wa pwani walianika, nasi tulihesabu paka watano. Jumamosi wawili: kikongwe wa sikio moja, na jike mwenye mimba aliyekuwa amechoka kushuka na kupanda. Kijana alihesabu mara mbili, akazunguka shina, akaandika «2» katika daftari kwa mkono wake. Hakuomba msamaha. Alifuta ile foto mbele yetu, lakini foto iliyokwisha kutumwa haifutiki katika telefone za wengine, na Jumapili tuliona mama fulani akivuka barabara ili asipite mbele ya kizingiti cha Koko.

Mwembe unasimama. Hilo ndilo tulilopata.

Usiku wa mwisho tulimwonyesha Koko foto zote, moja moja, achague ya kuweka ukutani. Tulidhani atachukua yule mwekundu, au kikongwe anayeshuka kinyumenyume. Akachukua ile tuliyotaka kufuta, ambamo paka alikwisha kuruka, na hakuna kitu ila tawi tupu na kamba ya nguo. Tukamwambia, «Koko, hiyo imeharibika.»

«Hapana,» akasema. «Hapo ndipo marehemu alifunga bembea ya watoto.»

Tumeitoa kwenye karatasi kubwa hapa Bukavu. Shofere aliyetuleta ataipeleka Jumatano.