Fungate yetu ya baiskeli, Mbinga hadi Nyasa

Wengi mmeniuliza mbona sikuonesha picha za fungate. Leo nasema.

Mimi ni mtoto wa Pemba, kisiwa cha vilima na mabonde, ambako safari huanza kwa boti. Nilipoolewa na mwalimu wa Mbinga, mkoani Ruvuma, nikajiambia angalau milima nimeizoea. Kilichonishinda ni fungate yenyewe. Ilichelewa miezi minne, halafu ikawa Jumamosi na Jumapili tu, kwa baiskeli mbili za kuazima, hadi Ziwa Nyasa. Shoga zangu walikwenda kwenye hoteli zenye mabwawa ya kuogelea. Nilinuna siku mbili.

Tulitoka baada ya swala ya alfajiri. Bibi harusi unayefikiria safari kama hii, buibui liache begani kwenye mkoba, maana linaingia kwenye mnyororo. Mimi nilivaa suruali pana, gauni la kufika magotini na mtandio niliobana kwa pini. Stara ilibaki, na miguu ikawa huru.

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za lami. Unaanza juu kwa Wamatengo, kwenye mibuni na mashamba ya ngolo, yale mashimo wanayochimba mlimani ili mvua isichukue udongo, kisha unateremka hadi ziwani. Nilishika breki mpaka vidole vikauma. Kwenye vilima tulishuka tukasukuma.

Adhuhuri nilitaka kupunguza swala. Mume wangu akanikumbusha kuwa kwa sisi Mashafi masafa yake ni zaidi ya kilomita 80 kwa kwenda peke yake. Tukaswali rakaa nne kamili, huku magoti yangu yakiapa kuwa tumeendesha 200. Usiku tulikula ugali wa muhogo na usipa, na nikajikuta sinuni tena.

Jumapili asubuhi tuliacha baiskeli kwa mwenyeji wetu, tukapanda boti ya wavuvi hadi Lundo, kisiwa kidogo cha miamba na miti. Tumekaa juu ya jiwe, akasema, "Mke wangu, nina jambo nimeshindwa kukwambia nyumbani."

Ukumbi, maua, keki ya ghorofa tatu, vyote nilivyovitaka mimi, alivilipa kwa mkopo. Anakatwa mshahara kila mwezi, na bado miaka miwili. Ndiyo maana fungate ilichelewa. Ndiyo maana ni baiskeli.

Nilikasirika kwanza, kwa sababu alinificha. Kisha nikaona haya, kwa sababu sikuwahi kumuuliza. Nilimwambia auze bangili zangu za mahari. Akakataa katakata: "Hiyo ni haki yako, mimi siigusi." Tukakubaliana niuze seti ya pili ya dhahabu, ile niliyonunuliwa ili nionekane nayo usiku mmoja, na tuahirishe makochi mapya. Hatukumaliza deni pale kisiwani, lakini tulirudi tukiwa wawili wa kulibeba.

Safari ya kurudi hatukuiweza kwa miguu yetu. Kuteremka kote kule sasa kulikuwa kupanda, basi tukafunga baiskeli juu ya basi. Nikiwa dirishani nilikuwa nikiwaza harusi yangu: niliteremka kwa raha siku moja, na kupanda kwake ni miaka miwili.

Dada yangu unayejiandaa, kabla ya kuchagua rangi ya ukumbi, muulize mchumba wako kwa upole: sherehe hii inalipwa na nani, na kwa fedha ipi? Akikwambia hana, usimdharau. Huyo amekuamini mapema kuliko wangu alivyoniamini mimi, na kosa la kutoaminika lilikuwa langu pia.

Allah azitie baraka ndoa zetu, na atuepushe na madeni ya kujionesha. Amin.