Dawa Kwanza, Kisha Safari: Tulivyokwenda Ngorongoro Alfajiri



Ndugu zangu, kila likizo za shule zikikaribia napokea swali hili, na mara nyingi anayeuliza ameshakasirika: "Sheikh, inafaa Muislamu kutoa pesa zake kwenda kutazama wanyama na mabonde? Huko si kufuja mali?" Leo nitalijibu kwa kirefu, kupitia safari tuliyoifanya wenyewe. Naomba usome mpaka mwisho.

Katika darasa letu hapa Arusha yupo mama mmoja wa miaka 70. Kwa karibu miaka 30 alikuwa mfuaji katika hoteli moja ya wageni hapa mjini. Alifua mashuka, mataulo, na nguo za watalii waliorudi mbugani. Anasema nguo zile zilikuja na vumbi jekundu lililogoma kutoka mpaka uziloweke usiku kucha. Akiuliza wenyewe wametoka wapi, mara nyingi aliambiwa, "Ngorongoro, walishuka kreta." Amestaafu, amepata wajukuu, na kreta yenyewe hajawahi kuitia machoni.

Sasa mama huyu ana presha ya macho. Wenye ugonjwa huu nyumbani kwao wanaujua. Kwa wengi hauumi. Unakula nuru kuanzia pembeni, kidogo kidogo, mpaka mtu anakuwa kama anayetazama kupitia bomba. Kilichopotea hakirudi, na dawa ya matone kazi yake ni kulinda kilichobaki. Daktari alipomweleza hivyo, alirudi nyumbani akakaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akamwambia mwanawe: "Nataka nikaione kreta ningali naona."

Mwanawe akakataa. Na hakukataa kwa ubaya. Alisema, "Mama, matone ni ya kila siku, maisha yako yote. Hiyo pesa ya kukodi gari ni chupa ngapi za dawa?" Wakaja kwangu wote wawili, kila mmoja akitumaini nitakuwa upande wake.

Niliwauliza maswali matatu. Pesa ni ya nani? Mama akasema ni yake, ya vitumbua. Kuna mtu anamdai? Hakuna. Je, pesa ya dawa ya miezi ijayo imetengwa? Hapo wote wakanyamaza.

Nikawaambia: dawa kwanza. Jicho ni amana, na kulitibu kunatangulia kulifurahisha. Tengeni pesa ya matone ya mwaka mzima, ikae mahali pake, isiguswe. Kitakachobaki baada ya hapo ni mali ya mama, halali yake, na mtoto hana haki ya kumwita mama yake mfujaji kwa kutumia jasho lake katika jambo la halali.

Ndugu yangu, shika kanuni hii, maana ndilo jibu la swali la juu. Ufujaji ni kutoa kwenye kisicho cha lazima huku cha lazima kinalia. Ukishatimiza cha lazima, yaani dawa, deni, chakula cha watoto, ada ya shule na zaka kama imekufikia, basi kutembea katika ardhi ya Allah ukaangalia alivyoumba ni jambo ambalo Qur'ani yenyewe imetuhimiza. Tatizo letu wengi tunakwenda kwa kukopa, au hatuendi kabisa tukidhani kutokwenda ndiyo uchamungu.

Ilimchukua mama miezi mitano zaidi ya vitumbua. Ndani ya miezi hiyo familia nyingine mbili za darasani zikasikia, zikajiunga ili gharama zigawanyike. Tukawa watu 12, magari mawili yenye paa la kufunguka. Mwanawe naye alikuja, kama mahram wake, na nadhani pia kama mlinzi wa zile chupa.

Nimejifunza mambo manne katika safari ile, nataka tugawane.

LA KWANZA: PANGA SWALA KABLA YA KUPANGA SAFARI.

Lango la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na kutoka Arusha ni zaidi ya kilomita 150. Mwongozaji wetu, kijana wa Kiiraqw aliyezaliwa Karatu, Mkristo, alitaka tuondoke saa tisa usiku. Nikamwambia mapema, siku tunalipia: njiani kuna swala, na haisubiri mpaka jua lichomoze. Akanijibu bila kusita, "Shehe, adhana itatukuta Karatu. Mimi nimekua naisikia, najua saa yake." Na kweli, tuliingia Karatu muadhini akiadhini. Tukaswali jamaa msikitini, rakaa mbili zilezile, maana Alfajiri haipunguzwi safarini. Yule kijana akakaa nje akilinda magari na mizigo yetu.

Wangapi hukosa Alfajiri kwenye mabasi na magari ya kukodi kwa sababu waliona haya kumwambia dereva? Sema siku ya kulipa, usingoje siku ya safari. Watu wengi watakusaidia ukiwaambia kwa wakati.

LA PILI: MJUE MWONGOZAJI NA UMTII.

Baada ya lango barabara inapanda ndani ya msitu. Kule juu, ukingoni, ni zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa saba kuna baridi kali. Tulifika mahali pa kutazamia, tukashuka na mablanketi mabegani, tukatazama. Ukungu. Mweupe, mzito, kama mtu ametundika shuka mbele yako. Huoni hata mita 20.

Kundi jingine lililokuwa pale lilipiga picha na ukungu, likaondoka. Mwana wa mama akanitazama. Hakusema kitu, lakini nilimwelewa: miezi mitano ya vitumbua, kwa ajili ya ukungu.

Mwongozaji akasema, "Tusubiri. Jua likipanda, unafunguka." Tukasubiri. Akamshika mama mkono, akamsogeza karibu na ukuta wa kuzuia, akaanza kumweleza kilichokuwa mbele yake ambacho hakuna aliyekuwa akikiona. Kwamba chini ya miguu yetu kuna shimo la kina cha mita 600 hivi. Kwamba sakafu yake ni kilomita za mraba 260, na ndani yake mna ziwa, msitu, vinamasi na nyika. Kwamba twiga hawamo mle, lakini faru weusi wamo. Mama alikuwa akitikisa kichwa kama anayesikiliza darasa.

Ukungu ulipoanza kupasuka ulipasuka vipande vipande. Kwanza ziwa Magadi, jeupe, liking'aa. Kisha kijani cha msitu wa Lerai. Kisha ukuta wa upande wa pili, mbali. Mama alikuwa anageuza kichwa chote, kushoto kisha kulia, maana pembe za macho yake hazimsaidii tena. Alikaa muda mrefu. Kisha akasema maneno machache tu: "Kumbe huku ndiko walikokuwa wanakuja."

Mwanawe aligeukia gari. Mimi nikashughulika na blanketi langu.

Ndugu zangu, Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, alipohama Makka kwenda Madina, akiwa na Abubakar, walimkodi mwongozaji, Abdullah bin Uraiqit, mtu ambaye wakati ule hakuwa Muislamu, kwa sababu alikuwa hodari wa njia na mwaminifu. Walimkabidhi ngamia wao, wakakubaliana akutane nao kwenye pango la Thaur baada ya siku tatu. Maisha yao yalikuwa mikononi mwa ujuzi wake. Basi anayejua njia muheshimu kwa ujuzi wake, na uaminifu wake utambue popote utakapoukuta.

Kutii nako kuna faida za haraka. Tulipofika chemchemi ya Ngoitokitok, mahali panaporuhusiwa kushuka na kula, mwongozaji alituonya: "Kuleni ndani ya gari, mwewe wa hapa ni wezi." Mwana wa mama akatoka na chapati mkononi kutazama viboko. Hakumaliza hatua kumi. Mwewe alishuka kwa nyuma, chapati ikaenda angani, kijana akabaki anatazama vidole vyake. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

LA TATU: TAZAMA KWA AKILI, SIO KWA SIMU TU.

Wanasayansi wa miamba wanasema Ngorongoro ilikuwa mlima mkubwa wa volkano. Yapata miaka milioni mbili hadi tatu iliyopita, uji wa moto uliokuwa ndani ulipotoka, kilele kilikosa cha kukishikilia, kikaporomoka ndani yake chenyewe. Shimo lile ndilo kreta tunayoiona. Eneo la hifadhi lilianzishwa mwaka 1959, na mwaka 1979 likaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Nilipokuwa mle chini nikiwatazama nyumbu na pundamilia wakila nyasi, nilifikiri juu ya jambo moja. Udongo ule una rutuba kwa sababu ya majivu ya volkano. Malisho yale, maji yale, yapo pale kwa sababu mlima ulianguka. Lau ungebaki umesimama, pangekuwa na kilele cha kutazamwa kwa mbali.

Wewe unayesoma hapa ambaye biashara yako imeporomoka, au ndoa, au afya, sikuambii maumivu yako ni madogo. Nakuambia tu kwamba aliyeugeuza mlima ulioanguka kuwa malisho bado ni Mola wako, na hajaishiwa.

Na kutazama kunataka utulivu. Mwongozaji aliona faru kabla yetu sote, kidoa cheusi mbali kwenye majani. Akampa mama darubini, akamwelekeza polepole: "Mama, anza kwenye ile miti ya njano. Njoo kushoto. Usiruke. Kidogo tena." Tulinyamaza wote. Dakika zikapita. Kisha mama akasema, "Ametikisa sikio." Sisi wenye macho mazima tulikuwa tumeshamwona tukamaliza, tukarudi kwenye simu zetu. Hakuna mwingine kati yetu aliyeona lile sikio.

LA NNE: MALIZA KWA ADABU.

Adhuhuri tuliswali palepale Ngoitokitok. Maji ya udhu tulikuwa nayo kwenye madumu. Tulitandika mikeka kati ya magari mawili, wanaume mbele, wanawake nyuma, tukaelekea kaskazini tukiinama kidogo mashariki. Kwa kauli ya wanazuoni wengi, anayesafiri masafa ya kilomita 80 hivi na zaidi anaruhusiwa kupunguza, basi tukaswali Adhuhuri rakaa mbili, kisha tukaunganisha na Alasiri rakaa mbili. Ni ruhusa kutoka kwa Mola wetu, ichukue kwa furaha.

Takataka zetu zote tulirudi nazo, hata maganda ya ndizi. Wamasai tuliowakuta kule juu barabarani na mifugo yao tuliwasalimia kwanza, na hatukumpiga mtu picha bila ridhaa yake. Pale ni nyumbani kwao, sisi ni wapita njia.

Na jioni, kabla hatujashuka garini, madereva wote wawili walikuwa wameshalipwa haki yao kamili na kidogo juu yake. Tumefundishwa kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Usimwambie mtu "nitakutumia kesho kwenye simu" na uwezo wa kumlipa leo unao.

Tulipokuwa tukiagana mama alikunja upindo wa baibui lake akautazama karibu na macho. Ulikuwa mwekundu kwa vumbi la barabara ya ukingoni. Mwanawe akamwambia, "Mama, hilo nitalifua mimi." Akaliloweka usiku uleule.

Basi jibu langu kwa wanaouliza ni hili. Inafaa, kwa mali ya halali, baada ya cha lazima kutimia, swala ikiwa mahali pake na adabu ikiwa pamoja nawe. Kiingilio cha Mtanzania ni nafuu mno kuliko cha mgeni wa nje. Ada za gari ndizo nzito, kwa hiyo ungeni familia mbili tatu mgawane.

Na nyinyi vijana wenye wazazi wazee, nawaomba kitu kimoja wiki hii. Mwulize mama yako, mwulize baba yako, ni mahali gani alitamani kupaona maisha yake yote. Huenda si mbali. Huenda ni mto wa kijijini kwao, au bahari tu. Usimjibu papo hapo kwa hesabu za pesa. Msikilize kwanza, kisha kaeni chini mpige hesabu pamoja. Na kama ana tatizo la macho, mpeleke hospitali mapema, maana presha ya macho haibishi hodi.

Ewe Mola wetu, tuhifadhie macho yetu na masikio yetu maadamu tuko hai, wape shifaa wagonjwa wetu wa macho, warehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, na utujaalie tuwe wenye kutazama na kuzingatia. Aamin.

Wallahu aalam. Mfikishie na mwenzako.