Minervali si feza ya kutupwa



Kila mwezi wa tisa, shule zinapofunguliwa, wazazi wa parokia yetu hutuuliza neno moja: «Katekista, leo masomo ya msingi ni ya bure. Kwa nini basi tutoe feza kumpeleka mtoto katika shule ya kulipia?» Neno hili ni la haki. Halifai kujibiwa kwa haraka, kwa maana feza ya mkulima inatoka katika jasho lake.

Kwanza tukumbushane mambo yalivyokuwa. Mwaka 1906 Kanisa lilipatana na mfalme Leopold II: misioni zipewe mashamba, nazo zifundishe watoto. Mwaka 1974 Serikali ya Mobutu ilizitwaa shule za misioni, na mwaka 1977 ikazirudisha kwa mapatano. Tangu hapo shule hizo za mapatano zinaongozwa na Kanisa, lakini ni shule za Serikali. Kisha, kuanzia miaka ya 1992 na 1993, mshahara wa walimu ulipokosekana, wazazi walianza kuwatunza walimu wenyewe. Sheria kubwa ya mwaka 2006 iliagiza masomo ya msingi yawe bure katika shule za Serikali, na mwezi wa tisa wa mwaka 2019 agizo hilo likaanza kutimizwa. Tunamshukuru Mungu! Watoto wengi waliokuwa wakichunga mbuzi wameingia shuleni. Lakini mabenchi hayakuongezeka kama watoto. Tumeona kwa macho yetu kalasi moja yenye watoto kupita mia.

Hapo ndipo faida ya shule ya kulipia inaonekana. Ikiwa ni nzuri, watoto ni wachache katika kalasi, na mwalimu anamjua kila mmoja kwa jina lake. Anasahihisha daftari kila siku. Mtoto akikosa kufika, anauliza habari zake. Tena mzazi aliyelipa hakai kimya: anakwenda kumwona direkta, anauliza, anasikilizwa.

Nyumbani mwetu tuna watoto wanne. Binti wetu mkubwa alifika mwaka wa tatu bila kujua kusoma barua. Hatumlaumu mwalimu wake, kwa maana mtu mmoja hawezi kuchunga kundi kubwa namna ile. Sisi na mama yao tulihesabu usiku mwingi: mihogo, mawese, mbuzi wawili. Mzee mmoja wa ukoo alituambia: «Mbuzi auzwe kwa ajili ya msichana? Kesho ataolewa, na faida itakwenda kwa watu wengine.» Tulimjibu kwa heshima: «Baba, atakayemfundisha mjukuu wako kusali na kusoma ni mama yake.» Mbuzi waliuzwa. Leo binti anawasomea wadogo zake kitabu kila jioni, na nyumba yetu ingali imeezekwa kwa majani.

Lakini hatuwezi kuwalipia wote wanne. Wadogo watatu wako katika shule ya bure. Neno hilo linatuuma, nasi hatulifichi. Ndiyo maana kila jioni tunafungua madaftari yao kwenye taa, na kila mwezi tunakwenda kumsalimu mwalimu wao. Tumeona kwamba mwalimu anayetembelewa na wazazi anapata nguvu, hata kama kalasi yake imejaa.

Basi, ninyi mnaotaka kulipia, angalieni mambo manne.

La kwanza, si kila kibao cha barabarani ni shule. Ulizeni kama ina ruhusa ya Serikali. Bila hiyo, mtoto atapata taabu siku ya mtihani wa mwaka wa sita na ile ya Diploma ya Serikali.

La pili, hesabuni mwaka mzima, si mwezi wa tisa tu. Mtoto anayefukuzwa kalasini mwezi wa pili kwa sababu ya minervali anapata haya mbele ya wenzake, na masomo yanakatika.

La tatu, msivutwe na Kifaransa peke yake. Mtoto anayekariri maneno asiyoyafahamu ni kama kasuku. Asome Kifaransa vizuri, lakini nyumbani msemeshe Kiswahili, apate kufahamu anachojifunza.

La nne, msimlipie mvulana na kumwachia dada yake jembe. Wote wawili ni watoto wa Mungu.

Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tamko lake juu ya malezi la tarehe 28 mwezi wa kumi 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Basi hakuna direkta, wala padri, wala sista, wala katekista anayeweza kuchukua kazi hiyo yote. Shule nzuri inamsaidia mzazi. Haikai pahali pake.

Nanyi ambao Mungu amewajalia kupita wengine, mkiisha kulipia wa kwenu, mtazameni mtoto wa jirani. Pengine minervali yake inapungua kidogo tu. Samaki mkunje angali mbichi. Nao watoto hawangoji mpaka sisi tutajirike.