Lapa ya Shangazi Kwenye Maporomoko ya Lumangwe

Mambo ya mgao na foleni tumeyaandika sana humu, leo nataka tutembee kidogo.

Ilikuwa mwezi wa tano, mvua zimekwisha lakini mito bado imejaa. Tuliomba kibali cha kutoka hapa Mantapala, sisi majirani sita pamoja na shangazi yetu mmoja, mtu wa Pweto, aliyekimbia vita mwaka 2017. Kibali kilichelewa mpaka tukakata tamaa. Kilipotoka tukachanga pesa ya gari, tukafunga bukari na samaki, na saa kumi na moja alfajiri tukashika njia ya Kawambwa kuelekea upande wa Mporokoso.

Lumangwe unaisikia kabla ya kuiona. Unapita chini ya miti, ardhi inatetemeka kidogo, halafu ghafla mto Kalungwishi wote unaanguka mbele yako, zaidi ya mita 30 kwenda chini, na upana unapita mita 100. Maji yanarushwa juu kama moshi, yanarudi chini kama mvua, ndiyo sababu msitu wa pale karibu ni mbichi sana. Tulilowa chepe chepe, hata chumvi ilikuwa imekuwa uji. Wenyeji wanasema Lumangwe ni jina la roho, joka kubwa lililojinyoosha toka pale mpaka maporomoko ya Kabwelume kule chini. Vijana walicheka. Shangazi hakucheka.

Tulikula kwenye jiwe kubwa juu ya maporomoko, mahali mto umetulia. Shangazi akaenda kunawa pembeni, akateleza. Tulimshika mkono, yeye mzima, lakini lapa moja ikaondoka na maji. Tukaiangalia inazunguka, inazunguka, ikapita ukingoni, basi.

Mmoja wetu aliyewahi kufundisha jiografia akamweleza: Kalungwishi inaingia ziwa Mweru, na ziwa linatokea Pweto, hapo mto unaitwa Luvua, unaenda kukutana na Lualaba kule Ankoro.

Shangazi akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kumbe! Lapa yangu itafika Pweto mbele yangu. Na hakuna mutu wa kuiuliza kibali."

Tulicheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa sijamsikia akitaja Pweto tangu tujuane.

Wakati wa kurudi tulipitia Kashikishi, pwani ya Mweru. Chisense zimeanikwa kila mahali, harufu ile ile ya kwetu, watoto wanaogelea. Ng'ambo hatukuiona, kulikuwa na ukungu, lakini jua lilikuwa linashukia upande wa Kongo na wote tukageukia huko bila kuambiana. Shangazi ni mtu ambaye hapendi kukaribia ziwa, tunajua. Siku hiyo alivua ile lapa iliyobaki, akaingia mpaka magotini, akasimama. Hatukumwita. Dereva ndiye aliyepiga honi.

(Mkitaka kwenda, ombeni kibali mapema, na chukueni pesa ya kiingilio. Viatu vifungwe vizuri!)

Sokoni tulimnunulia malapa mapya. Ile moja hajaitupa, ameitundika kwa msumari juu ya mlango wake.